Fungu la Tano Siku ya Kumwinua Gaju

Haya, wajukuu, sogeeni. Kwetu bonde la Ruzizi anayetega husema "Sokwe", na anayekubali kutegewa hujibu "Niruze". Jibuni kimoyomoyo huko mliko, nitawasikia.

Sokwe!

Nina mtu nyumbani kwangu. Ana miguu miwili ya mti, jicho moja la chuma na utumbo wa kamba. Ananyanyua ng'ombe mzima juu kwa juu, halafu nyama yenyewe haonji.

Ni nani?

Msikimbilie kujibu. Siku nilipokitega kitendawili hiki kwa mara ya kwanza, niliyemtegea alikuwa na bunduki begani na macho yasiyo na mchezo. Na mume wangu, Nsengiyumva, ambaye siku ile ile tulikuwa tunamalizia kilio chake, alikuwa amelala kwenye shimo chini ya zizi la mbuzi, pale pale uani.

Hai. Anapumua.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Tulikuwa tunamzika mtu anayetusikia.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya kwetu. Kwetu ni nje kidogo ya Luvungi, upande wa mto, mahali ambapo ukiinua kichwa unaiona milima ya Burundi ng'ambo.

Tulikuwa tumechoka. Sijui niwaelezeje kuchoka kule. Si kuchoka kwa jembe, kwamba ukilala kunaondoka. Ni kuchoka kwa kuamka na kuuliza leo barabarani wanapita akina nani. Leo hawa, kesho wale, kesho kutwa hawa wa kwanza wamerudi na nguo nyingine. Sisi tuliwaita wote watu wa bunduki, tukamaliza.

Binti yetu Irambona nilikuwa nimempeleka kwa dada yangu, mtaa wa Rugenge, mjini Uvira. Nyumbani tulibaki mimi, mume wangu, na mama yake mzazi, Libérate.

Kisha mume wangu akachukuliwa.

Walimkamata barabarani wakambebesha makasha ya risasi kupanda nayo milimani. Akatoroka. Alirudi mabega yamechubuka mpaka nyama inaonekana, na kikohozi ambacho hakijamwacha hadi leo.

Na aliyetoroka mizigo, wakimwona tena, hawamuulizi hata jina.

Basi akaenda mwenyewe kulitupa shati lake kwenye matete ya Ruzizi. Wavuvi wakaliokota, wakaliona lake, wakaja nalo nyumbani. Kijiji kizima kikasema maji yamemchukua. Yeye alikuwa ameshachimba shimo chini ya zizi la mbuzi, juu yake mbao, juu ya mbao samadi.

Nilikuwa najua mimi peke yangu.

"Mama asijue," aliniambia. "Mama hawezi uongo. Ukimuuliza kitu, uso wake unajibu mbele ya mdomo."

Nikakaa kilio. Nikalia kweli. Msiniulize mtu aliye hai analiliwaje. Miaka ile machozi hayakuwa mbali, ukiyaita tu yanakuja.

Mama mkwe alilia mpaka sauti ikakatika. Baada ya hapo hakusema tena. Ukimsalimia anakutazama tu. Watu wakasema masikio yake yamekwenda na mwanawe.

Jioni nilikuwa naenda kufungia mbuzi, namsukumia mume wangu ugali kwenye mwanya wa mbao. Tunasemezana maneno mawili matatu, mbuzi wakitukojolea.

"Nasikia mlinililia muzuri," aliniambia siku moja.

"Nyamaza weye. Marehemu hasemi."

"Na Mama Divine alilia kukushinda. Nilimusikia."

"Yule analia hata kuku wake ikiibwa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampigia mbuzi kelele ili kisisikike. Alipotulia akasema, "Na aksanti kwa viazi vya mchana. Vilikuwa bado vya moto."

"Viazi gani? Mchana nilikuwa shambani."

Kimya.

"Basi njaa imeniotesha," akasema.

Nikaondoka na hilo moyoni. Nikadhani shimo limeanza kumharibu akili.

Huyo Mama Divine ni jirani yangu Geneviève. Mwanamke mnene, mdomo mrefu, moyo mkubwa. Mumewe alikuwa mchinjaji wa pale Luvungi kati. Vita ilipochacha alivuka mto kwenda Burundi na nguo za mwilini tu, akamwachia mkewe visu na mabinti wawili.

Siku moja akaja, akakaa bila kuambiwa karibu. Nikajua kuna jambo.

"Mama Irambona, kule sokoni batu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema, Kankindi haganduki juu ya nini? Ngombe iko. Mwaka imepita. Ao bwana yake hakufaka?"

Kankindi ndiye mimi.

Kuganduka, wajukuu, ndiko kumaliza kilio. Kwetu sisi Barundi wa bondeni, mtu akifa unalia, unakaa, halafu muda ukifika unachinja, unamwagia marehemu pombe yake ya mwisho, jina lake linafungwa. Kabla ya hapo habari yake bado iko wazi. Mjane asiyeganduka na ng'ombe anaye, watu wanajiuliza anamsubiri nani.

Na masikio ya watu wa bunduki nayo yalikuwa yanakwenda sokoni.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa Gaju. Jike jekundu, tasa, kilema cha mguu wa nyuma. Kilema hicho ndicho kilichomwokoa. Wenzake wote walisukumwa barabarani na watu wa bunduki, yeye alishindwa mwendo wakamwacha.

"Basi tuchinje," nikasema.

"Tuchinje sisi na nani?" Geneviève akaangalia huku na huku. "Unaona mwanaume hapa?"

Hapo ndipo penye kazi. Katika ukoo wa mume wangu ng'ombe wa kuganduka hachunwi akiwa amelala chini. Wazee wao walisema udongo umeshachukua wake, usipewe tena. Lazima anyanyuliwe, aning'inie, achunwe hewani. Tangu niolewe niliona wanaume sita, saba, wakivuta kamba juu ya tawi, wanaimba, wanatukanana, wanacheka.

Sasa mmoja yuko ng'ambo, mwingine yuko milimani na makasha kichwani, mwingine hatujui. Na mmoja yuko chini ya mbuzi.

Nikafikiri siku hizo mpaka kichwa kikauma. Jibu lilinijia nikichota maji.

Nikiwa msichana mdogo nilisoma kwa masista. Kulikuwa na kisima, na juu ya kisima gogo limelala, lina mpini. Unazungusha, kamba inajiviringisha kwenye gogo, ndoo inapanda. Ile ndoo ilinizidi mimi, na bado nilikuwa naipandisha nikiimba.

Nikajiuliza, kwani ng'ombe si ndoo yenye pembe?

Nilipomwambia Geneviève, alicheka hadi akashika ubavu. "Weye uliishia darasa ya sita, leo uko injenieri?"

"Niliishia la sita, ndiyo. Lakini la sita lile lilikuwa na kisima."

Tukaanza.

Tulikata mikaratusi miwili minene yenye panda juu, tukachimba mashimo yanayofika kiunoni, tukaisimamisha, tukashindilia mawe. Juu tukalaza mti mwingine, tukaufunga kwa waya wa gari lililoungua barabarani.

Jicho tulilipata kwenye mashine ya kusaga ya kijiji. Watu wa bunduki walikuwa wameipora, wakachukua injini, wakaacha gurudumu moja zito la chuma lenye mfereji wa mkanda. Watoto walikuwa wanalikalia. Tukalipitishia nondo katikati, tukalining'iniza kwenye mti wa juu, kamba ipite kwenye ule mfereji. Mafundi magari wa Rugenge kitu cha namna hiyo wanakiita palan. Sisi hatukuwa na jina.

Chini tukalaza gogo kwenye panda mbili fupi, kama la masista. Tukalitoboa matundu kwa chuma cha moto, ya kuingiza miti ya kuzungushia. Kamba ilikuwa ya wavuvi wa Uvira, aliileta Geneviève, msiniulize alimpa nini mwenye mtumbwi.

Siku ya kujaribu tulihitaji mzigo.

"Mama Divine, kaa kwenye kitanzi," nikasema.

"Minye?"

"Kwani nani mwingine hapa anakaribia ng'ombe?"

Akanitukana kwa Kifuliiru, akakaa. Tukazungusha. Miguu yake ikaacha ardhi, mabinti zake wakapiga vifijo, na papo hapo kamba ikaruka kutoka kwenye mfereji, ikajibana kati ya gurudumu na mti. Gogo nalo likaanza kurudi nyuma lenyewe, miti ikichapa hewa. Geneviève akatua kwa makalio, pu!

"Munataka kuniua! Kuganduka itakuwa yangu!"

Tulicheka mpaka tukalia. Sikumbuki mara nyingine tuliyocheka mwaka ule.

Kulikosekana vigingi. Viwili vya kulibana gurudumu lisiyumbe, na vingine vya kuzuia gogo lisirudi nyuma kila mnapopumzika. Na vigingi vya namna hiyo vinataka mkono wa fundi.

"Nitavichonga mwenyewe," nikawaambia.

Uongo. Jioni nilisukuma vipande vya mti mgumu na kisu kwenye mwanya wa zizi. "Fanya kazi, marehemu," nikamwambia. Mume wangu mkono wake ni wa kushoto, na huo mkono hauna mfano kwa mti. Kesho yake nikavikuta tayari, laini kama mwiko.

Niliviweka mkekani. Mama mkwe akavichukua kimoja kimoja, akavizungusha kwenye vidole, akavipapasa pale kisu kilipopita. Akavirudisha. Hakusema kitu, na mimi sikushangaa, alikuwa hasemi.

Siku yenyewe ikafika. Wageni wa kilio wangekuja alasiri, kwa hiyo asubuhi tulikuwa sisi tu: mimi, Geneviève, mabinti zake wawili Divine na Belyse, na mama mkwe kwenye mkeka wake.

Kisu alishika Geneviève.

"Mwanamke kuchinja?" Divine akanong'ona.

"Kisu iliuliza lini nani anavaa suruali?" mama yake akamjibu.

Sitawasimulia Gaju alivyokwenda. Nilikuwa nimemlisha kwa mkono. Alinusa kiganja changu, basi.

Tukampitisha mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, kwenye miguu ya nyuma, kuitanua. Kamba katikati ya mchi. Tukashika miti. Wawili huku, wawili kule. Tunazungusha, tunaweka kigingi, tunahema. Tunazungusha, kigingi, tunahema. Gogo linalia kama mlango wa kanisa.

Gaju alipoacha ardhi hakuna aliyepiga kigelegele. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge. Divine tu alisema, "Kumbe."

Tukaanza kuchuna. Tukakata kidari kwanza, kile cha mafungu.

Hapa lazima niwaeleze, maana ndipo shingo zetu zilipokaribia kuingia kitanzini. Kwetu kila aliyeshika ng'ombe wakati wa kunyanyua anapewa fungu lake kabla mgeni yeyote hajala. Tunayaita mafungu ya mikono. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeyapanga juu ya majani ya mgomba, moja kwa kila mtu, na yeye mwenyewe hajiwekei. Marehemu hana fungu. Marehemu ana pombe tu.

Mama mkwe alikuwa anapanga. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nafukuza mbwa.

Nilipogeuka niliona kofia zao zinatokea kwenye migomba.

Walikuwa kundi. Mbele yao komanda kijana, miwani myeusi, Kiswahili chake cha mbali. Nyuma kidogo mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, ambaye alipomsalimia mama mkwe Kirundi chake kilikuwa cha bondeni kabisa.

Komanda alimtazama Gaju akining'inia. Akazunguka ua kwa macho.

"Nani alinyanyulaka hii ngombe?"

"Sisi, afande," nikasema.

"Sisi nani?"

"Sisi banamuke."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka.

"Hii ngombe inaomba wanaume sita. Beko wapi?"

"Hakuna, afande. Bwana yangu alichukuliwa na maji. Leo tunamaliza kilio chake."

"Batafute."

Wakaingia ndani. Nikasikia kitanda kinapinduliwa, mihogo inamwagwa. Mwenye ndevu yeye alibaki uani, akaegemea zizi la mbuzi, akawasha tumbaku yake. Mgongo wake ulikuwa juu ya mume wangu kabisa. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu, maana ningeangalia kule, macho yangu yangesema.

Wakatoka mikono mitupu. Komanda akaonyesha mtambo wetu kwa kidole.

"Muiteremshe. Muipandishe tena. Niko naangalia."

Mana yanje, Mungu wangu! Nguvu zilikuwa zimekwisha. Lakini mtu wa bunduki haambiwi umechoka.

Tukamshusha Gaju. Tukampandisha. Tunazungusha, kigingi, tunahema. Damu ya malengelenge ilikuwa inateleza kwenye miti. Geneviève alikuwa anasema sala na matusi kwa pumzi moja. Sikuwa namwinua ng'ombe tena, nilikuwa namwinua mume wangu kutoka kwenye midomo ya zile bunduki.

Akapanda. Juu kabisa.

Komanda akavua miwani. Askari mmoja akasogea kushika mti, akazungusha kidogo, akatabasamu kama mtoto. Nikaachia mti, nikajifuta jasho.

Kisha komanda akatazama chini.

"Na hii ni nini?"

Majani ya mgomba. Mafungu.

Akamgeukia mwenye ndevu. "Weye muntu ya hapa. Hii ni nini?"

Yule akajibu bila kufikiri, kama mtu anayesema jina la kijiji chao. "Ni mafungu ya mikono, komanda. Kila aliyenyanyua ng'ombe ana lake."

"Na ile mamaa ya mukeka?"

"Anayepanga hajiwekei. Hivyo ndivyo."

Komanda akahesabu kwa kidole. Sisi kwanza. Mafungu baadaye.

"Banamuke bane," akasema polepole. "Mafungu tano."

Nikatazama. Kweli, yalikuwa matano. Na la tano lilikuwa kubwa kuliko yote, lina kipande cha kidari chenye mafuta.

Niliona mwenye ndevu naye anahesabu, sasa hivi ndiyo anahesabu, na uso wake ukabadilika.

"Mukono ya tano iko wapi?" komanda akauliza.

Geneviève alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. Naye hakujua. Alikuwa ananiuliza.

Mdomo wangu, sijui ni nani aliyeufungua.

"Afande, nikutegee kitendawili?"

"Nini?"

"Sokwe!"

"Niruze," akajibu mwenye ndevu. Lilimtoka. Unakuzwa bondeni na nyanya yako, neno hilo haliombi ruhusa. Wenzake wakamgeukia, akaona haya.

Nikaendelea kabla sijapoteza nguvu. "Nina mtu nyumbani kwangu. Ana miguu miwili ya mti, jicho moja la chuma na utumbo wa kamba. Ananyanyua ng'ombe mzima, halafu nyama haonji. Ni nani?"

Komanda akapunga nzi usoni.

Yule askari aliyezungusha gogo akapandisha macho. Akafuata kamba hadi kwenye gurudumu la mashine. Akaangua kicheko.

"Komanda, ni hii! Ni hii miti!"

"Ego, ndiyo," nikasema. "Huyo ndiye wa tano. Alibeba kuliko sisi wote. Tumnyime fungu lake juu ya kuwa hana mdomo?"

Komanda akatazama mti, akatazama fungu. Mdomo wake ukacheza. Akacheka, na walipomwona anacheka wote wakacheka, hata Geneviève akacheka kicheko kibaya cha kulia.

Na katikati ya kicheko kile, kutoka chini ya zizi la mbuzi, mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi. Kikavu. Ninachokijua.

Komanda akakata kicheko. "Nani anakohoa?"

Dunia ilisimama, wajukuu.

Mwenye ndevu akainama, akashika kifua, akakohoa mpaka akatema mate. "Minye, komanda. Tumbaku hii mbaya."

"Enda kufa mbali na tumbaku yako."

Wengine wakacheka tena. Yeye akajikokota kutoka kwenye zizi, na hakuangalia chini hata mara moja.

Walikata miguu yote miwili ya nyuma, wakachukua na ini. Walipoanza kuondoka, mwenye ndevu alibaki nyuma, akachuchumaa mbele ya mama mkwe, akamuuliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini ya mtoto na mama.

"Mama mzee, fungu hili la tano ni la nani?"

Mama mkwe akamtazama. Macho yake yalikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Hakujibu.

Mwenye ndevu akainuka, akawafuata wenzake.

Mimi nilikaa chini pale pale, kwenye damu na majani. Nilisema moyoni, masikini bibi kizee, macho yamekwisha, amehesabu vibaya, nusura atumalize. Sikumgombeza. Nguvu za kumgombeza ningezitoa wapi?

Alasiri wageni wakaja. Tukamwaga pombe, jina likafungwa. Sokoni wakaacha kuuliza. Watu wa bunduki hawakumtafuta tena mtu aliyegandukiwa.

Siku mvua zilipoanza, mume wangu akavuka mto kwenda Burundi. Akakaa huko mpaka bunduki zilipopungua kelele. Siku aliporudi mchana kweupe, watu walikimbia, wengine wakaita Yesu. Geneviève alimrushia kiatu, halafu akanirushia mimi cha pili.

Mama mkwe hakukimbia. Alimtazama mwanawe, akasema neno la kwanza tulilolisikia tangu siku za kilio.

"Umekonda."

Basi. Akaendelea kuchambua maharage. Nikasema ni uzee.

Mtambo ulibaki uani. Wajane wa pande zile wakawa wanaleta ng'ombe wao wa kuganduka, na walikuwa wengi, Mungu anajua walivyokuwa wengi. Tuliwafundisha kuzungusha na kuweka kigingi. Mvua iliozesha mti wa juu, tukaubadilisha. Vigingi vilikuwa ni vile vile.

Miaka ikapita na vita vyake vingine. Irambona akapata mchumba, kijana wa Kavimvira, kule karibu na mpaka. Siku ya harusi tukachinja dume, na safari hii wanaume walikuwepo, wakibishana nani ashike mti. Nsengiyumva alikuwa kwenye gogo, anazungusha kwa mkono wake wa kushoto. Mama mkwe, mzee sasa hadi amekuwa mdogo kama mtoto, alikuwa mkekani na majani yake ya mgomba.

Wakwe wakafika. Nyuma ya pikipiki mojawapo akashuka mjomba wa bwana harusi. Ndevu nyeupe zote.

Hakuja kwenye viti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtambo, akaweka kiganja kwenye mti.

Nikamtambua, nikaweka sinia chini.

Mume wangu akakohoa. Kile kile, kifupi, kikavu. Mzee yule akageuza kichwa, akamtazama kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Kumbe njo hiyo kikohozi," akasema.

Jina lake ni Nduwimana. Alikuwa ameacha bunduki zamani, analima mpunga. Aliniambia usiku mwingi alikuwa anajiuliza kama alifanya vizuri au alifanya wazimu. Nikamshika mikono.

Kisha akaenda kwa mama mkwe. Akachuchumaa vile vile, mahali pale pale.

"Mama mzee, umenikumbuka? Nilikuuliza kitu, hukunijibu. Lile fungu la tano lilikuwa la nani?"

Wajukuu, nisimamishe hapa kidogo niseme langu, maana baada yake sina la kuongeza.

Vita ile nzima nilidhani nabeba peke yangu. Nilikuwa nalala na siri kifuani, naamka nayo, na kuchoka kwangu nilikuona ni kwangu mimi tu, nikimwonea huruma kila asiyejua. Sikuwahi kutazama upande wa pili wa mzigo kuona kama kuna mikono mingine. Ninyi mkichoka, tazameni. Yule aliyenyamaza pembeni, mnayesema masikio yake yamekwisha, mtazameni vizuri mikononi.

Mama mkwe aliweka nyama chini. Akajifuta vidole kwenye kitenge.

"La aliyechonga vigingi," akasema. "Kisu kilipita kutoka kushoto. Nani mwingine hapa ana mkono huo?"

Akaninyooshea kidole.

"Mkwe wangu akienda shambani, mimi nilikuwa namsukumia mwanangu viazi chini ya mbuzi, kimya kimya, asijue sauti ya nani. Mkwe wangu sikumwambia. Huyu hawezi uongo, uso wake unajibu mbele ya mdomo. Waliniambia nilie, nikalia. Waliniambia niganduke, nikaganduka. Lakini kumpangia mwanangu pamoja na wafu, hapo mkono ulikataa."

Akachukua jani jipya la mgomba. Akalitandika pembeni ya mengine, akaweka juu yake kipande cha kidari chenye mafuta, akalisukuma hadi kwenye miguu ya Nduwimana.

"Na hili ni lako. Siku ile na weye ulinyanyua."